Kumtendea Mema Aliyetutesa Si Kuinyamazia Dhuluma

Hotuba ya wakili mmoja mbele ya mkutano wa wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa mbalimbali



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo ni jepesi kulihubiri na zito kulitenda: Mkristo amjibuje yule aliyemtesa? Walionialika wangeweza kumwita mwanatheolojia, nao wakamwita wakili. Nadhani sababu yao ni swali ambalo vijana wamekuwa wakituuliza tangu Juni 2024, mwezi ambao wenzao walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, baadhi yao wakauawa kwa risasi na wengine wakachukuliwa na watu wasiojitambulisha. Vijana hao hutuuliza hivi: Mchungaji anatuambia tusamehe, na wakili anatuambia tushtaki; tumsikilize yupi?

Swali hilo ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa mkato. Mama aliyemzika mwanawe hatulizwi kwa aya moja iliyosomwa upesi kando ya kaburi. Hata hivyo nitalijibu mapema, ili mjue ninakoelekea. Mkristo ameamriwa kumtendea mema mtu aliyemdhulumu. Hakuamriwa kuificha dhuluma yenyewe. Mambo hayo mawili hayapingani. Wema usiothubutu kuitaja dhuluma kwa jina lake haujawa wema bado. Ni woga uliovikwa vazi la ibada.

Ndugu zangu, katika nchi yetu wako wanaotuelekeza kwenye njia mbili, na zote mbili zinapotosha.

Njia ya kwanza ni ya wale wasemao kwamba dawa ya moto ni moto. Tumepigwa, nasi tupige. Wamechoma, nasi tuchome. Ninaielewa hasira hiyo, lakini lazima niseme kama mtu wa mahakamani: jiwe moja likirushwa, habari ya maelfu waliotembea kwa amani hufutika, na hati ya mashtaka huandikwa juu ya jiwe hilo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 37, inamlinda mwananchi anayekusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Anayeokota jiwe anaivua ngao hiyo kwa mkono wake mwenyewe, na kumpa mtesaji kisingizio alichokuwa akikitafuta. Wala tusisahau tulikofika kwa kulipiza kisasi. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokuwa wamekimbilia kanisani waliteketezwa humo kwa moto. Tulikuwa taifa lililojaa makanisa. Kila upande ulikuwa na orodha ya madhila uliyotendewa, na kila upande uliona kuwa unalipa tu deni. Moto haukumponya yeyote.

Njia ya pili ni ya wale wasemao: mwenye nguvu mpishe. Hawa hufungua Waraka kwa Warumi, sura ya 13, na kutuambia kwamba kila mamlaka imetoka kwa Mungu, kwa hiyo tunyamaze na kuomba. Mimi nawaomba wasianzie hapo. Waanze mwisho wa sura ya 12, ambapo mtume anatufundisha kumlisha adui mwenye njaa na kumnywesha mwenye kiu. Mgawanyo wa sura uliwekwa karne nyingi baada ya Paulo kufa. Yeye aliandika mfululizo mmoja. Tena katika hiyo hiyo sura ya 13, mtawala anaelezwa kuwa ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Huo ndio wajibu aliopewa. Akimpiga mtenda mema na kumlinda mtenda maovu, ameiacha kazi aliyotumwa, na kumkumbusha kazi yake si uasi.

Na tumtazame Paulo mwenyewe, kwa kuwa alikamatwa, akapigwa, akafungwa. Habari zake ziko katika Matendo ya Mitume, sura ya 16. Katika mji wa Filipi, yeye na Sila walimponya kijakazi ambaye mabwana zake walikuwa wakichuma mali kwa uaguzi wake. Mabwana hao walipoona mapato yao yamekatika, waliwaburuta mitume mbele ya mahakimu, wakawashtaki kuwa ni wageni wanaouchafua mji. Mnaifahamu mbinu hiyo: jeraha liko mfukoni, lakini kilio ni cha usalama wa taifa. Mahakimu hawakuuliza swali hata moja. Waliamuru wavuliwe nguo na kupigwa kwa fimbo, kisha wakatupwa katika chumba cha ndani na miguu yao ikafungwa katika mkatale.

Usiku wa manane nchi ikatetemeka, milango ikafunguka. Mlinzi wa gereza akidhani wafungwa wametoroka, alichomoa upanga ajiue. Hapo ndipo tunapouona wema wa Kikristo ukiwa kazini. Mtu huyu ndiye aliyewafunga miguu. Paulo angeweza kukaa kimya, upanga ukafanya kazi yake, naye akatoka mlangoni akimshukuru Mungu kwa kumlipizia. Badala yake alipaza sauti kumzuia asijidhuru, kwa kuwa wote walikuwamo. Usiku ule ule mlinzi akawaosha majeraha, akawaandalia chakula nyumbani kwake.

Wahubiri wengi huishia hapo, na wanatunyima nusu ya habari. Asubuhi mahakimu walituma askari kusema wafungwa hao waachiliwe waende zao. Ilikuwa bahati njema kwa mfungwa yeyote. Paulo akakataa kuondoka. Alijibu kwamba wamepigwa hadharani, bila kuhukumiwa, nao ni raia wa Rumi. Haiwezekani watolewe kwa siri. Mahakimu na waje wenyewe wawatoe. Mahakimu waliposikia neno raia waliogopa, wakaja, wakawasihi.

Angalieni jinsi mtume alivyopima. Hakuomba mahakimu wachapwe fimbo kama alivyochapwa. Alichotaka ni kwamba dhuluma iliyotendwa hadharani isizikwe sirini. Baada ya hapo alikwenda nyumbani kwa Lidia, akawatia moyo ndugu, ndipo akaondoka. Nami naamini kwamba alikuwa akiwafikiria wao. Yeye alikuwa msafiri, lakini kanisa changa la Filipi lingebaki chini ya mahakimu wale wale, na ilifaa wajue kwamba sheria inawafunga hata wao. Kwa mlinzi aliyekuwa akiangamia, Paulo alitoa huruma. Kwa ofisi iliyoivunja sheria, alidai uwajibikaji. Moyo uliofanya hayo mawili ulikuwa mmoja, tena katika usiku na asubuhi yake.

Wapo watakaoniuliza: na lile shavu la pili? Bwana wetu ndiye aliyetufundisha habari za shavu la pili, na yeye ndiye mfasiri wake. Alipokuwa mbele ya Anasi, mtumishi mmoja alimpiga kofi. Hakumrudishia, na wala hakunyamaza. Alimwambia yule mtu kwamba kama amesema vibaya, aushuhudie huo ubaya. Na kama amesema vema, ampigia nini? Mimi kama wakili nalistaajabia swali lile. Ndani yake mna dai la ushahidi, mna dai la sababu, na mna heshima kwa mpigaji, kwani anazungumziwa kama mtu mwenye akili awezaye kujibu. Mkono haukuinuliwa, na ukweli haukuinama.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1992 wengi wetu tulio katika rika langu tulikuwa bado shule ya msingi, na vijana walio hapa hawajazaliwa, kwa hiyo ni wajibu tuikumbuke habari hii. Kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kilifutwa Desemba 1991, lakini wafungwa wa kisiasa walibaki magerezani. Mwisho wa Februari 1992, mama zao, wengi wao wazee wa mashambani, walimwendea Mkuu wa Sheria kumwomba awafungulie wana wao, kisha wakaketi katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wakifunga kula na kuomba. Profesa Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa rungu na vitoa machozi, na Profesa Maathai akapigwa hata akapoteza fahamu. Baadhi ya mama wale walivua nguo mbele ya askari.

Najua kuna Wakristo waliokikwazwa na kitendo hicho, wakakiita laana. Nawaomba wakitazame tena. Katika mila zetu, mama huweza kumfanyia hivyo kijana aliye sawa na mwanawe, aliyepotoka kupita kiasi. Mama wale hawakumtendea askari kama adui. Walimkaripia kama mwana, wakamkumbusha kwamba naye alizaliwa. Hawakuwa na silaha nyingine yoyote.

Baada ya kipigo hicho walikimbilia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, nalo likawafungulia. Walikaa humo takriban mwaka mzima, wakisali, wakiimba, wakipokea wageni, na kila siku wakiyataja majina ya wana wao. Hawakumchomea askari nyumba, hawakumtukania kabila. Vilevile hawakuondoka walipoambiwa waondoke. Mwaka 1993 wengi wa wana wao waliachiliwa. Na ile pembe ya bustani mpaka leo inaitwa Freedom Corner.

Mfano wa pili ni wa Mchungaji Timothy Njoya. Tarehe 10 Juni 1999, nje ya Bunge, watu waliodai katiba inayotokana na wananchi walishambuliwa, naye akaangushwa chini na kupigwa kwa rungu mbele ya kamera za waandishi wa habari. Wengi wetu tuliiona picha ile ya mzee wa madhabahu amelala juu ya lami. Swali ni hili: aliinuka akafanya nini? Alikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani, na tarehe 25 Machi 2004 Mahakama Kuu iliamua kwamba mamlaka ya kutunga katiba ni ya wananchi, na kwamba katiba mpya haiwezi kupata nguvu bila kuidhinishwa nao katika kura ya maoni. Kwa msingi huo Wakenya walipiga kura mwaka 2005, wakaikataa rasimu ile. Wakapiga tena tarehe 4 Agosti 2010, wakaipitisha Katiba tuliyo nayo. Aliyepigwa mlangoni pa Bunge alisaidia kuwapatia kura hata wale waliompiga, kwa maana haki ile ilikuwa yao pia. Huo ndio wema usiolipiza.

Jambo hili halikuanza kwetu. Huko Montgomery nchini Marekani, usiku wa tarehe 30 Januari 1956, bomu lililipuliwa katika baraza ya nyumba ya Mchungaji Martin Luther King, mkewe na mtoto mchanga wakiwa ndani. Waliponea chupuchupu. Watu wenye hasira walikusanyika, baadhi yao wakiwa na silaha. King alisimama pale barazani akawasihi warudi makwao kwa amani na wawapende adui zao. Hilo hukumbukwa sana. Lisilokumbukwa ni kwamba siku mbili baadaye, tarehe 1 Februari, wakili Fred Gray alifungua kesi katika mahakama ya shirikisho kwa niaba ya wanawake waliodhalilishwa katika mabasi ya mji huo. Mwezi Novemba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba ubaguzi ule ulikuwa kinyume cha katiba. Mchungaji alizuia silaha, na wakili akapeleka hati mahakamani. Hakuna aliyeiona kazi ya mmoja kuwa inaitangua kazi ya mwenzake.

Wapendwa, kutokana na hayo naomba tushikamane katika mambo manne.

La kwanza, tumtenge mtu na tendo lake. Askari anayetupiga ana jina, ana mama, na mara nyingi anaishi katika nyumba ambayo sisi tusingekubali kuishi. Tusimwite mnyama, tusimwite kwa kabila lake. Watoto wake wanasoma pamoja na watoto wetu katika shule ya Jumapili. Ole wetu mtoto huyo akisutwa kanisani kwa ajili ya kazi ya baba yake. Na askari akianguka katika maandamano, tumwinue, tumpe maji. Mfalme wa Israeli alipotaka kuwaua askari wa Shamu waliotiwa mikononi mwake, nabii Elisha alimwamuru awape chakula na maji, kisha awarudishe kwao. Na Biblia inatuambia kwamba vikosi vile havikuja tena. Lakini nieleweke: chakula cha Elisha hakikuwa chai. Anayempa askari kitu kidogo ili afumbe macho hamtendei wema, anamnunua.

La pili, tuiandike dhuluma. Aliyepigwa aende hospitali siku hiyo hiyo, aripoti kituoni na adai nambari ya OB, ajaziwe fomu ya P3, ahifadhi nguo na picha, aandike majina ya mashahidi, mahali na saa. Malalamiko yafikishwe pia katika IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kuangalia utendakazi wa polisi. Waliotesika katika vyumba vya Nyayo House miaka ya 1980 walingoja zaidi ya miaka ishirini, lakini mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru baadhi yao walipwe fidia na serikali. Wasingalikuwa tayari kusimulia, ukuta ule usingalisimulia kwa niaba yao.

La tatu, tusiwaharakishe waliojeruhiwa. Msamaha ni mali ya aliyeumizwa. Hakuna askofu, wakili wala mwanasiasa awezaye kuutoa kwa niaba yake, hata akiwa jukwaani mbele ya umati. Sheria yetu ina hekima katika hili. Kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinairuhusu mahakama kuhimiza maridhiano katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyo mazito. Jirani aliyenipiga kofi naweza kumsamehe, na kesi ikaisha. Lakini kuua na kutesa si mambo ya kumalizwa kwa mbuzi mmoja na kupeana mikono kwa chifu. Kifungu cha 25 cha Katiba kinaiweka haki ya kutoteswa miongoni mwa zile zisizoweza kuwekewa mipaka kamwe. Mama anaweza kumsamehe muuaji moyoni mwake, na kesi ikaendelea, kwa sababu kesi inamlinda pia mwana wa mama mwingine.

La nne ndilo gumu kuliko yote, na ndilo kipimo cha kweli cha mambo niliyoyasema. Siku ile mtesaji wetu atakaposimamishwa kizimbani, tumtakie haki zote alizotunyima. Aambiwe sababu ya kukamatwa kwake. Asipigwe akiwa rumande. Afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, kama kifungu cha 49 kinavyoamuru. Ahesabiwe kuwa hana hatia hadi ithibitishwe, na apate wakili wa kumtetea kwa bidii. Mtu akiniuliza ni wema gani mkubwa ambao Mkristo katika siasa za mageuzi anaweza kumtendea adui yake, nitamwambia ni huu. Ni rahisi kumpa adui mkate. Ni vigumu kumpa hukumu ya haki wakati umati unapiga kelele apewe rungu. Tukishindwa hapo, tutakuwa tumebadilisha wenye rungu tu, na rungu limebaki lile lile; na mageuzi yetu yote, tangu vyama vingi mpaka Katiba mpya, yatakuwa yamepita juu juu kama umande.

Kwa hiyo, vijana wetu, mchungaji na wakili hawawavuti pande mbili. Mchungaji anawalinda msije mkafanana na waliowatesa. Wakili anawalinda wengine wasije wakateswa kama mlivyoteswa nyinyi. Mwendeeni mchungaji na mioyo yenu, mwendeeni wakili na ushahidi wenu, na kotekote mwende na ukweli.

Na tunapoondoka hapa, kila mmoja amtaje mbele za Mungu, kwa jina kama analijua, mtu mmoja aliyemdhulumu. Na wiki hii amtembelee mtu mmoja aliyejeruhiwa, amuulize kama taarifa yake imeandikwa. Asiyejua pa kuanzia aje kwetu mawakili. Milango iko wazi.

Mungu awabariki, na ailinde nchi yetu.